Ile pembetatu ya V, I na R ilimla mtu miaka 25

Kama ulifanya fizikia mpaka Form Three, unaijua ile pembetatu. V juu, I na R chini. Unafunika unayotafuta kwa kidole, jibu linabaki hapo. Volti gawanya kwa ampia, huo ni ukinzani. Volti mara ampia, hizo ni wati. Alama mbili hapa, alama tatu pale, kengele inalia, mnaenda kula githeri.

Shida yangu na hiyo pembetatu ni vile inafundishwa kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimepigwa pasi. Hakuna siku niliambiwa darasani kwamba kuna msee alijifungia chumbani Ujerumani na maji yanayochemka upande huu, barafu upande ule, akisoma sindano inavyogeuka. Wala sikuambiwa kwamba alipoandika kitabu akitumaini kupata kazi ya chuo kikuu, kazi yenyewe ilikuja akiwa amebakisha miaka miwili ya kuishi. Na kabla uniulize hiyo inakuhusu aje, subiri tufike kwa ekstensheni iliyo nyuma ya kitanda chako.

Jamaa anaitwa Georg Simon Ohm. Alizaliwa 1789 Erlangen, mji ambao leo uko jimbo la Bavaria. Babake alikuwa fundi wa kufuli. Mzee hakuwa na masomo ya kujivunia lakini alijifundisha hesabu mwenyewe, kisha akawafundisha vijana wake wawili, Georg na Martin. Mama alifariki Georg akiwa na miaka 10. Mwaka 1805 Georg akaingia chuo kikuu hapo hapo nyumbani, na alichofanya huko kwa bidii ni kucheza densi, kuteleza kwa barafu na kupiga biliadi. Ndiyo, pool table. Baada ya mihula mitatu mzee akachoka, akamtoa, na mwaka 1806 kijana akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu kwa shule. Alikuwa na miaka 17.

Mimi niliacha kampo semesta ya nne, kwa hivyo unaweza kudhani nilivyofurahi kusoma hiyo sehemu. Lakini tusidanganyane: jamaa alirudi, na 1811 akachukua udaktari Erlangen. Usimpeleke kwa mzazi wako kama ushahidi.

Akafundisha chuoni kidogo, akaacha kwa sababu pesa haikuwa. Akazungukazunguka kwa shule za kawaida. Mwaka 1817 akapata kazi shule ya upili moja mjini Cologne, na hiyo shule ilikuwa na maabara nzuri. Hapo ndipo mambo yalianza.

Elewa hali ilivyokuwa. Volta alikuwa ametengeneza betri ya kwanza 1800. Kwa miaka ishirini na kitu wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanacheza nayo, wanachoma waya, wanapasua maji kuwa gesi. Tangu 1820 walijua pia, kupitia kwa Oersted wa Copenhagen, kwamba waya wenye stima husogeza sindano ya dira. Kila mtu alijua ukitumia waya mrefu, nguvu inapungua. Inapungua kiasi gani? Hapo kila mtu alikuwa na yake.

Betri za wakati huo ndizo zilikuwa zinawaangusha. Unaunganisha, stima inaanza na nguvu, halafu inashuka ukiangalia, kwa sababu vipovu vya gesi vinajaa kwa bamba la ndani. Sasa hapo utalinganisha nini na nini? Ni kama kutaka kujua matatu gani inakimbia kuliko ingine, na saa yako inapunguza mwendo kila dakika. Ohm mwenyewe alitumia betri za aina hiyo 1825, akachapisha fomula yenye logarithimu ndani, na ilikuwa imekosea. Ilichapishwa hivyo hivyo.

Aliyemwokoa ni mhariri. Poggendorff, aliyekuwa anasimamia jarida la fizikia ambalo Ohm alikuwa anaandikia, akamshauri aachane na betri atumie kitu kipya alichogundua Seebeck 1821: ukiunganisha metali mbili tofauti, sehemu moja ya muungano ikiwa moto na ingine baridi, stima inatembea. Ni stima kidogo sana, volti yake ni sehemu chache tu za elfu. Lakini haichezi. Maji yanayochemka yanabaki kwa digrii 100, barafu inayoyeyuka inabaki kwa 0, na muda wote hizo mbili ziko hapo, msukumo ni ule ule. Hii kitu ni simple hadi inauma. Miaka yote hiyo watu wanatafuta nguvu zaidi, na iliyohitajika ilikuwa nguvu kidogo inayokaa mahali moja.

Kwa hivyo, mwanzo wa 1826, Ohm anachukua bismathi na shaba, upande mmoja kwa maji moto, upande wa pili kwa barafu. Anaandaa vipande vinane vya waya wa shaba, unene sawa, urefu tofauti. Juu ya mtambo ananing'iniza sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba. Stima ikipita, sindano inasukumwa. Yeye anasokota ule uzi mpaka sindano irudi mahali pake, na pembe aliyosokota ndiyo kipimo. Hiyo ndiyo ilikuwa ampia yake. Usisahau, wakati huo hakuna volti, hakuna ampia kama kipimo, hakuna omu. Hakuna mita ya kununua Luthuli Avenue. Kuna mtoto wa fundi wa kufuli anayejua kufinyanga chuma kwa mkono, na uzi.

Namba zikatoka, na zikaingia kwa fomula moja: X = a/(b + x). X ni ile pembe, yaani mkondo wa stima. a ni msukumo, kinachotokana na tofauti ya joto. x ni urefu wa waya unaopimwa. Na b ni kila kitu kingine kilicho kwenye mzunguko, pamoja na mtambo wenyewe unaotoa stima.

Hiyo b ndiyo napenda kuliko zote, na ndiyo pembetatu ya shule inaifuta. Ohm aliona kwamba chanzo cha stima nacho kina ukinzani wake ndani. Ndiyo maana betri kuukuu za tochi ukizipima zikiwa hazifanyi kazi zinaonyesha volti karibu kama za kawaida, halafu ukiwasha, mwanga unakuwa kama wa kiberiti. Volti zipo, lakini zinaliwa ndani kabla zikufikie. 1826, na msee tayari amekuelezea tochi ya shosho yako.

Hapa naomba nitoke kidogo nje, kwa sababu kuna mtu alifika kabla yake. Henry Cavendish, tajiri wa London, mwenye aibu kiasi kwamba wafanyakazi wake wa kike aliwaachia maagizo kwa karatasi ili asiongee nao. Karibu 1781 alijaza mirija ya glasi na maji ya chumvi, akapitisha stima ndani yake, na mita yake ilikuwa mwili wake: anajishtua na mrija huu, anajishtua na ule, analinganisha ni gani imeuma zaidi. Na akapata uhusiano ule ule. Halafu hakumwambia mtu. Alikufa 1810, karatasi zikakaa, mpaka Maxwell akazichapisha 1879. Karibu miaka mia. Ukisikia mtu anasema content ikiwa moto itajitafutia watu, mwambie kuhusu Cavendish.

Sasa rudi kwa Ohm, kwa sababu yeye alitaka watu wajue. Aliomba ruhusa kazini, akapewa mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akahamia Berlin kwa kakake mdogo Martin aliyekuwa mwanahesabu. Mpango ulikuwa wazi: andika kitabu kikubwa, pata kiti cha chuo kikuu, sahau mambo ya kufundisha watoto. Kitabu kikatoka 1827. Alikuwa na miaka 38.

Hakikumpa kiti. Profesa mmoja, Georg Friedrich Pohl, alikishambulia hadharani, akikichukulia kama ndoto zisizo na mguu kwenye ukweli. Ohm akaacha kazi ya Cologne 1828. Miaka iliyofuata aliishi Berlin kwa vipindi vya kufundisha hapa na pale, mpaka 1833 alipopata nafasi shule ya ufundi Nuremberg. Mwaka 1841 Waingereza, Royal Society ya London, wakampa medali ya Copley, mojawapo ya heshima kubwa za sayansi wakati huo. Kiti cha fizikia cha Munich, chenyewe kile alichokuwa anatafuta, kilikuja 1852. Alikufa Julai 1854.

Motivesheni spika wangekuambia hii ni stori ya usikate tamaa. Mimi naisoma tofauti. Nadhani kitabu chenyewe kilikuwa na makosa ya uuzaji. Mwaka 1826 Ohm alikuwa na ushahidi safi: waya nane, barafu, uzi, namba. Mwaka 1827 akaandika kitabu kinachoanza na dhana na hesabu nzito, kwa mtindo ambao Fourier alikuwa ametumia kueleza joto linavyotembea, na yale majaribio yakawekwa kando kana kwamba ni kitu cha kuonea aibu. Walimu wengi wa fizikia Ujerumani wakati huo hawakuzoea hesabu ya aina hiyo. Waliona maandishi tu. Sisemi Pohl alikuwa sawa. Nasema mtu aliye na video alituma maelezo.

Lakini pia kuna kitu cha tabaka hapo na sitaki kukiruka. Mwalimu wa shule ya upili, mtoto wa fundi, anawaambia maprofesa kwamba kitu walichokuwa wanazungukia kwa robo karne kinaingia kwa mstari mmoja. Fikiria mwalimu wako wa Form Three akienda kongamano kusema hivyo. Angepewa chai na mandazi, arudishwe kwa basi.

Upande wa wati ulikuja kutoka kwa mtoto mwingine wa biashara ya familia. James Joule, kwao walikuwa na kiwanda cha pombe karibu na Manchester. Mwaka 1840, akiwa na miaka 21 tu, aliweka waya ndani ya maji na kipimajoto, akapitisha stima, akahesabu. Akaona joto linaenda na mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Mkondo mara mbili, joto mara nne. Mkondo mara kumi, joto mara mia. Hii ndiyo mstari mmoja ningetaka ukae kichwani mwako kuliko pembetatu nzima.

Kama bado unafikiri hizi ni hesabu za karatasi, kuna bahari. Agosti 1858 walimaliza kulaza kebo ya telegrafu kutoka Ireland mpaka Newfoundland, chini ya Atlantiki. Ujumbe wa Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani ulikuwa na maneno 98 na ulichukua kama saa 16 kupita. Mkuu wa umeme wa mradi alikuwa Wildman Whitehouse, ambaye kwa masomo alikuwa daktari wa upasuaji. Stima ilipokuwa dhaifu, jibu lake lilikuwa kuongeza volti, mpaka karibu 2,000. Kebo yenyewe ilikuwa tayari na kasoro za kiwandani, na hiyo dawa haikusaidia. Ndani ya wiki chache ikanyamaza. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa amesema mapema: tumieni shaba nene na safi ili ukinzani ushuke, tumieni volti kidogo, na kifaa chepesi cha kusoma. Hata alikuwa amepima shaba za viwanda tofauti akakuta hazifanani, zingine zinakataa stima kuliko zingine.

Ndipo 1861 Waingereza wakaunda kamati ya kukubaliana kipimo kimoja cha ukinzani, kwa sababu huwezi kununua maelfu ya maili za waya kama kila mtu ana rula yake. Kebo iliyodumu ilikuja 1866. Mwaka 1881, kongamano la Paris likaipa dunia volti, ampia na omu. Wati ikafuata kupitishwa 1889. Ohm hakuyaona yote hayo.

Halafu Edison. Watu humsifu kwa balbu, lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa wa pembetatu. Wengine walikuwa wanatengeneza taa zenye ukinzani mdogo. Yeye na kijana wake wa hesabu, Francis Upton, walipiga hesabu ya shaba ya kupeleka stima kwa nyumba za mji mzima wakaona itawafilisi. Chukua taa ya wati 100. Kama ina ukinzani wa omu 1, inataka ampia 10 kwa volti 10. Kama ina omu 121, inataka ampia 0.91 kwa volti 110. Mwanga ni ule ule, lakini mkondo umepungua mara 11, na kwa waya ule ule, joto linalopotea njiani limepungua mara 121. Basi akatafuta uzi wa kaboni wenye ukinzani mkubwa, na Septemba 1882 akawasha kituo cha Pearl Street, New York, kwa volti 110 hivi.

Ni hesabu hiyo hiyo inayofanya laini kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ibebe stima ya upepo ya Turkana kwa volti 400,000. Mitambo yake inaweza kutoa megawati 310. Kwa hesabu ya juu juu, tukiacha feizi tatu kando, hiyo ni kama ampia 775. Jaribu kuituma kwa volti 240 za soketi yako na utahitaji karibu ampia milioni 1.3. Hakuna waya. Labda ungejenga barabara ya shaba.

Haya, tufike keja.

Geuza birika lako la stima usome kibandiko. Tuseme imeandikwa wati 2,000. Kenya tunatumia volti 240. Gawanya 2,000 kwa 240: ampia 8.3. Gawanya 240 kwa 8.3: omu 28.8 hivi. Kama una multimita, chomoa birika kabisa kwanza, pima pini mbili za plagi, utapata kitu karibu na hapo. (Balbu ya zamani ya uzi usiipime hivyo ukitegemea jibu: ikiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa ikiwaka. Na LED ina mambo yake.)

Sasa saa moja jioni, ploti nzima inapika, volti zinashuka mpaka 200. Birika bado ni omu 28.8. Volti mara volti, gawanya kwa ukinzani: 40,000 gawanya kwa 28.8, wati 1,389. Volti zimepungua moja ya sita, lakini nguvu imepungua karibu theluthi moja. Chai yako haichelewi kwa sababu umerogwa.

Na ekstensheni. Mahali nilipokuwa nakaa zamani, ekstensheni ya jirani iliyeyuka mpaka plagi ikashikana na soketi. Keateka akasema ni stima mbaya imetumwa. Chaja za simu zilikuwa zimekaa kwa hiyo ekstensheni mwaka mzima bila shida, siku aliyoweka birika ndiyo ikaungua, na kila mtu akalaumu birika.

Piga hesabu. Soketi ikilegea au waya ukiwa umekazwa vibaya ndani, hapo panakuwa na ukinzani kidogo, tuseme nusu omu. Chaja ya wati 20 inavuta kama ampia 0.08. Mkondo mara mkondo mara 0.5: joto ni wati 0.0035 hivi. Hutalisikia hata ukilala juu yake. Birika linavuta 8.3, na hapo hapo kwa kale kamahali kadogo kanatokea wati 34. Hiyo ni kama ncha ya chuma cha fundi wa simu cha kulehemu, ndani ya plastiki, nyuma ya kitanda, kando ya blanketi. Joto limeongezeka mara 10,000 na ekstensheni ni ile ile. Ndiyo maana "imekuwa ikifanya tu" haimaanishi chochote.

Mnaniulizanga pia kuhusu zile zilizoandikwa ampia 13 zenye matundu manne. Matundu manne si ruhusa nne. 13 mara 240 ni wati 3,120 kwa yote pamoja, na hiyo ni kama waya ulio ndani ni wa ukweli, kwa sababu kuna zingine ukizifungua waya wake ni kama wa earphone. Birika la 2,000 na pasi ya 1,200 asubuhi moja ya Jumatatu tayari ni 13.3.